Si undugu unaovunja ubia

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Ile taarifa yenu kwamba biashara za familia hushindwa kushirikiana na kampuni nyingine kwa sababu haziwaamini watu wa nje, nimeshindwa kuinyamazia.

Sisi tunatengeneza maboksi. Baba alianzisha, mimi na dada yangu tunaendesha, mama anashika daftari la oda. Miaka kumi na mmoja tuliiuzia kampuni moja kubwa. Ofisa wao wa manunuzi akipiga simu, mzigo unatoka. Alipohamishwa, akaja kijana mwingine, akasema anataka kutufahamu. Tukamkaribisha. Mama akamfungulia daftari, akamwonyesha vipimo vya kila boksi, naye akapiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa. Wiki tatu baadaye oda zikakatika. Boksi la mshindani wetu nimelishika kwa mikono yangu: kifuniko kimezidi milimita mbili upande wa kushoto. Hilo ni kosa la kisu chetu cha zamani, na mama alikuwa ameliandika kama lilivyo! Sasa niambieni, asiyeaminika ni nani?

Wala si wadogo tu. Desemba 2009 Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani, ilikubaliana kushirikiana na Suzuki ya Japani, iliyokuwa chini ya Osamu Suzuki, aliyeoa katika ukoo wa mwanzilishi; Volkswagen ikachukua asilimia 19.9 ya hisa za Suzuki. Suzuki ilitaka ubia wa walio sawa. Ripoti ya mwaka ya Volkswagen ikaitaja Suzuki kama kampuni ambayo Volkswagen inaweza kuathiri maamuzi yake. Mwaka 2011 Suzuki ikaomba kuachana, na hisa zake hazikurudi hadi 2015, baada ya usuluhishi. Huko nako mtasema ni familia kutoamini watu?

Na malipo je? Tunakubaliana siku 30, tunalipwa siku ya 90, huku mishahara ya mafundi haisubiri. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2011 kwamba malipo kati ya kampuni na kampuni yasizidi siku 60, ila wakikubaliana waziwazi vinginevyo bila kumwonea anayedai. Hilo hamkuliandika.

Ninachotaka ni hiki: ofisa anayeondoka amlete mrithi wake yeye mwenyewe, na mrithi huyo ashinde karakanani siku nzima, simu akiwa ameiacha mlangoni, kabla hajafunguliwa daftari.

Msomaji wenu, mtengeneza maboksi