Barua kwa mwanangu mpiga kinanda

Mwanangu,

Huku Unguja hatujambo, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, maana ulifoka mpaka ukakwaruza sauti mwenyewe. Unasema binti yule, mwimbaji wa bendi yenu, amepwewa na sauti kwa mara ya tatu mwaka huu, harusi ya Jumamosi mmerudisha nusu ya pesa, na wenzako wanataka mtafute mwimbaji mwingine.

Mtafuteni. Huyo mwingine naye mtamnyamazisha.

Nilipokuja Dar mwezi wa saba, unakumbuka mliniweka meza ya pembeni. Nilikuwa namwangalia yeye, sikukuangalia wewe. Dramu ziko mgongoni kwake hatua mbili tu, gitaa limefunguliwa mpaka mwisho, na kinanda (usinune) kilikuwa kinapanda kila wimbo. Spika ya kujisikilizia hana. Wimbo wa nne akaanza kuziba sikio moja kwa kidole. Wewe labda ulidhani ni madoido. Alikuwa anaitafuta sauti yake. Mtu asiyejisikia hupayuka, hata akiwa fundi namna gani.

Mlipopumzika nikamuuliza mchana anafanya nini. Anasomesha darasa la pili, watoto zaidi ya 80 chumba kimoja. Ulikuwa unajua? Anapayuka kutwa, anakuja kupayuka kwenu usiku, saa saba mnamshindilia biriani anakwenda kulala na kiungulia. Kile kiungulia nacho kikipanda usiku kinalichoma koo. Mafua yakija yanamkuta kesha kwisha.

Nyuzi za sauti ni vitu vidogo mno, urefu wake sentimita moja na ushei. Mwanamke akizungumza tu zinagongana kama mara 200 kwa sekunde, akipanda juu ni zaidi. Mafua yakizivimbisha zinakuwa nzito na hazikutani sawasawa. Ukimlazimisha aimbe hivyo hivyo, unamwambia mwenye mguu uliotenguka acheze mpira.

Hili silisemi kwa kusoma. Nilikuwa na miaka 26, kikundi chetu cha taarabu kina harusi mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja, na mimi siku ya pili sina sauti. Kiongozi wetu akaleta mtu na sindano. Ilikuwa sindano gani, mpaka leo sijui, ila magharibi sauti ikarudi, laini kama sijawahi kuumwa. Nikaimba beti mbili. Ya tatu, pale pa kupanda, nikafungua mdomo ukatoka upepo. Kulikuwa na bibi mmoja amesimama mbele yangu na noti ya kunitunza, mkono umeshafika kwenye bega langu. Akabaki vile vile, hajui aiache au airudishe. Sindano ilikuwa imeondoa uvimbe tu, jeraha lilikuwa pale pale, na mimi nimelitonesha. Nilikaa wiki sita kimya, naongea na baba yako kwa kuandika. Zile nota za juu hazikurudi tena, ndiyo maana wewe umenijua muitikiaji tu.

Wewe na Adele wako, yule mwimbaji wa Uingereza, hukujua yaliyompata? Mwaka 2011 alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti Boston. Mwaka 2017 alipanga siku nne uwanja wa Wembley, London, akaimba mbili, mbili za mwisho madaktari wakamkataza akazifuta. Uwanja mzima ule. Nyinyi mnaona haya kumwambia mwenye harusi? Na usinitolee mfano wa Bi Kidude, aliyevuta sigara na kuimba mpaka uzeeni. Bi Kidude alikuwa mmoja.

Kwa hiyo, safari hii mwache anyamaze kweli. Hata kunong'ona asinong'one, maana wengi wakinong'ona wanazibana zile nyuzi. Maji kwa wingi, na ajifukize mvuke wa maji matupu. Antibaiotiki za kujinunulia dukani aziache, mafua hayo ni virusi. Na kwa kuwa hii ni mara ya tatu, mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo amtazame kwa kamera. Gharama itoke kwenye pesa ya bendi. Mgawo wake wa siku anazougua nao mpeni, la sivyo atakuficha mpaka afike jukwaani.

Shoo zenu zipangeni upya. Kwetu kwenye taarabu usiku haukuwahi kuning'inia kwenye koo moja. Tunafungua na bashraf, ala tupu, watu wanatulia. Kisha waimbaji wanapokezana, mtu anaimba wimbo wake anarudi kukaa. Dansi la huko kwenu lilikuwa vivyo hivyo: bendi ya Sikinde ilikuwa na waimbaji Bitchuka na Chidumule, kila mmoja na nyimbo zake. Nyinyi mna nyimbo 30 na binti mmoja. Yule mpiga besi anaimba vizuri, nilimsikia akifunga vyombo. Mpeni sita. Nne zipigeni bila mwimbaji. Zilizobaki, siku akiwa hayuko sawa, shusheni zile za juu. Kinanda chako kina kitufe cha kushusha, wapiga gitaa ndio watakaolalamika, waache walalamike.

Na kinanda punguza.

Asali nimempa mama mdogo wako, anavuka na boti ya Alhamisi. Chupa mbili, moja mpe binti yule. Mwambie si dawa, ikimezwa haipiti kwenye nyuzi za sauti hata kidogo. Ni ya chai.

Mama yako