Ndege ikisubiri ukungu, tusimtukane rubani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya malalamiko ya ndege kuchelewa kwa sababu ya ukungu. Mwezi uliopita na mimi nilikuwemo. Tulikuwa Songwe, tumeshapanda, mikanda tumefunga, ukungu umeshuka mpaka ncha ya bawa haionekani. Rubani akatangaza kwamba hatuondoki mpaka upungue. Ikapita saa nzima. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, mwenye koti na mkoba wa ofisini, akapandisha sauti: "Rubani gani huyu mwoga? Mabasi yanapita Kitonga na ukungu huu huu!" Watu wakacheka, wengine wakamuunga mkono. Mhudumu, binti mdogo tu, akabaki na "samahani baba, samahani baba". (Hayo mabasi ya Kitonga nayo tunajua misiba yanayotuletea, lakini tuyaache.)

Nilitamani kumsimulia yule mzee habari za ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania. Machi 27, 1977, bomu lililipuka kwenye uwanja wa ndege wa Gran Canaria, kisiwa jirani, ndege zikapelekwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife. Zikajaa mpaka njia ya pembeni ikazibwa, ikabidi zipite kwenye njia yenyewe ya kurukia. Boeing 747 mbili, ya shirika la KLM la Uholanzi na ya Pan Am la Marekani, zikawa kwenye njia moja, zimeelekeana, wingu limetua katikati. Waongozaji walioko mnarani hawazioni, na uwanja hauna rada ya ardhini ya kuonyesha ndege zilizo chini. Nahodha wa KLM alikuwa na haraka, maana sheria za Uholanzi za saa za kazi zilikuwa zimekazwa na muda wa wafanyakazi wake ulikuwa unayoyoma. Wala hakuwa mwanagenzi. Alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika kwenye matangazo.

Akaanza kukimbiza ndege kabla ya kuruhusiwa. Mwongozaji alisema "okei", kisha akaongeza kwamba asubiri, ataitwa. Sekunde hizo hizo Pan Am nao wakasema bado wako njiani. Kwa redio zile, wawili wakisema pamoja hasikiki vizuri hata mmoja. KLM waliipata ile "okei", kilichofuata kikawa mluzi. Mhandisi wa ndege ya KLM, aliyekaa nyuma ya nahodha, akauliza kama yule Pan American ameshatoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi akanyamaza. Ndege zikagongana. Walikufa watu 583. Walionusurika ni 61, wote wa Pan Am.

Swali la mhandisi ndilo linalonirudia kila mara. Shaka yake ilikuwa ya kweli, lakini nani ambishie mkufunzi mkuu? Baada ya ajali ile marubani walianza kufundishwa kuwasikiliza walio chini yao, na wa chini kusema bila kuogopa cheo. Hata neno "takeoff", yaani kuruka, likawekewa mpaka: redioni halitamkwi ila ruhusa yenyewe inapotolewa au inapofutwa. Sasa sisi tukimzomea rubani aliyekataa kuondoka, tunamrudishia haraka ile ile ya 1977.

Ila lawama zote nisizitwishe marubani na abiria. Oktoba 8, 2001, uwanja wa Linate, Milano, ukungu tena. Ndege ndogo ya Cessna iliambiwa ifuate njia ya pembeni iitwayo R5, ikashika R6, ikaingia mbele ya ndege ya shirika la SAS la Skandinavia iliyokuwa inaruka, zikagongana. Rubani wa Cessna alikuwa ameshataja redioni alama aliyoiona imechorwa chini, S4. Mwongozaji hakuifahamu, haikuwemo kwenye ramani yake. Rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa na mpya haijafungwa. Wakafa watu 118, wanne kati yao wafanyakazi waliokuwa kwenye jengo la mizigo lililogongwa na ndege ya SAS, ambao safari haikuwahusu kabisa. Hebu fikiria, Mhariri: rangi ya chini inasema lake na ramani ya mezani inasema lake, na watu wamezoea hivyo!

Ndiyo maana ombi langu ni kwa gazeti lako pia. Mkiandika habari za ukungu, msiishie kuhesabu saa tulizokaa. Waulizeni wenye viwanja: michoro ya chini ilipakwa rangi mara ya mwisho lini? Ukungu ukishuka, wa mnarani anajuaje ndege iko wapi? Na gari la mizigo likikatiza je? Mashirika nayo yatuambie mambo yalivyo. Tangazo la "sababu zilizo nje ya uwezo wetu" halimtulizi mtu. Mwambie abiria kwamba rubani haoni mwisho wa njia, ataelewa.

Siku ile tuliondoka saa nne kasoro. Yule mzee alikuwa ameshasinzia.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya