Lebo ya penseli

Mhariri,

Msomaji wenu wa wiki jana amewaita wanaokusanya vyura kwa ajili ya makumbusho "wauaji wenye kibali". Mmoja wa wauaji hao ni mimi. Naomba nafasi nijitetee.

Kwa miaka 26 nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Tukipanda Amani, milimani Usambara, na wanafunzi, usiku tunamulika majani makavu kwa tochi, asubuhi tunarudi na vyura. Klorofomu ya kuwaua, fomalini ya kuwakaza, kisha chupa ya spiriti ya kuwahifadhi. Mguuni uzi, kwenye uzi lebo: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Kwa penseli! Wino huyeyuka kwenye spiriti, ukabaki na chura wa bluu asiye na kwao.

Nakubali tulizidisha. Safari moja tulibeba kumi na wanane kutoka kijito kimoja; watatu wangetosha.

Lakini huko Australia, kuvu inayoshambulia ngozi za vyura ilitambuliwa 1998, aina kadhaa zikiwa zimeshatoweka. Wataalamu wakarudi kwenye chupa za makumbusho, wakapima ngozi za vyura wa zamani, wakaikuta kwa chura wa Queensland wa mwaka 1978. Aliyemkamata hakujua habari ya kuvu. Aliandika tarehe tu. Tena huko wapo vichura wa ardhini, jamii ya Uperoleia, wanaofanana kama punje za mtama. Mmoja wao, mkazi wa mchanga wa pwani ya New South Wales, amepewa jina 2016 tu, baada ya kulinganishwa na wenzake.

Na si lazima kuua. Vyura walipokufa kwa wingi huko mwaka 2021, wananchi waliombwa waweke mizoga kwenye friza kwa ajili ya makumbusho ya Sydney. (Mke wangu angenifukuza.)

Kinachoniuma ni kingine. Mwaka jana nilipita shuleni kusalimia, nikakuta rafu tupu. Chupa zote zimemwagwa shimoni nyuma ya vyoo, eti zinanuka. Mhariri, yupo chura wa Usambara, Parhoplophryne, aliyetangazwa 1928 kwa mzoga mmoja tu, na wa pili hajapatikana. Sisemi tulikuwa naye. Nasema hatukuwahi kuwaangalia vizuri wale wa chupani, na sasa ndiyo basi.

Ukingoni mwa shimo niliokota lebo moja: "Amani, kijito cha chini, 14/3/1994." Mwandiko wangu, unasomeka vizuri.

Mhudumu wa maabara mstaafu,
Ngamiani, Tanga