Kupima samaki kwa ubao, Jumamosi Mwaloni

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 2 asubuhi tukutane soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tujifunze kujua uzito wa samaki bila mizani.

Ubao mnyoofu unafungwa kamba katikati, unaning'inizwa mpaka utulie sawa. Hapa pana kazi: ubao ukianza umeinama, hesabu yote ni bure. Upande mmoja tundika kwa uzi chupa yenye lita 1 ya maji, ambayo ni kama kilo 1. Upande wa pili mtundike sato, umsogeze polepole mpaka ubao utulie tena. Pima kuanzia kamba ya katikati hadi uzi uliobeba kila mzigo, siyo hadi mkia wa samaki. Maji yakiwa sentimita 40 na sato 25, gawa 40 kwa 25: sato ana kilo 1.6.

Kuuziana bado ni kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Hii ni ya kujiridhisha kabla hujakubali bei, na mama zangu mnaonunua kwa kukadiria macho, nawaombeni sana msikose.

Mwenye uzi wa nyavu aje nao. Ubao na futikamba ninavyo.