Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Saa ya kufunga paja lililovunjika iamuliwe na mwili wa mgonjwa

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa, mkazi wa Moshi. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, dereva wa bodaboda, aligongwa na lori upande wa Boma Ng'ombe. Paja lilivunjika, mbavu nne pia, na bandama ikawa inavuja damu. Hospitali aliyofikishwa walimfungua tumbo usiku uleule wakamwokoa. Nawashukuru kwa moyo wote. Ila paja waliliacha linavutwa kwa uzito siku kumi na tisa, huku sisi tukiambiwa tukanunue kwanza chuma cha kuungia mfupa. Kijana amelala chali, mbavu zinamchoma, kukohoa hawezi. Siku ya tano nimonia ikampata.

Haya si mageni kwako. Mwaka 1989 Lawrence Bone na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha waliofungwa paja, yaani mfupa kuungwa kwa chuma, ndani ya saa 24 na waliocheleweshwa kupita saa 48. Kwa wenye majeraha mengi, waliocheleweshwa ndio waliougua zaidi mapafu.

Najua pia kwamba haraka inaweza kuua. Paja likivunjika, lita nzima ya damu au zaidi inaweza kumwagikia ndani. Mtu wa namna hiyo, tena kifua kimeumia, ukimpigilia chuma ndani ya mfupa kabla damu haijarudi, unampiga pigo la pili. Ndiyo maana madaktari wa Hannover, Ujerumani, walisisitiza kuanza na vyuma vya nje, vinavyoshikilia mfupa kutoka nje ya ngozi: kazi fupi, damu kidogo, chuma cha ndani kifuate mwili ukitulia. Kule Cleveland, Marekani, Heather Vallier na wenzake waliweka vipimo vya damu vinavyoonyesha kama mwili umeanza kupona mshtuko wa kupoteza damu: lakteti (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni) ikiwa chini ya 4, au pH (kipimo cha uasidi wa damu) ikifika 7.25, au upungufu wa besi (kipimo kingine cha uasidi huo) usipozidi 5.5, paja lifungwe ndani ya saa 36.

Angalia, Daktari: katika hoja zote hizo hakuna mahali panapouliza kama ndugu wamefika na pesa.

Kwa hiyo naomba hospitali za mkoa zinazopokea majeruhi wa barabara kuu ziwe na kipimo cha lakteti, na seti za vyuma vya nje zikae tayari chumba cha upasuaji usiku na mchana. Vyuma vya ndani vitolewe stoo, malipo yafuate baadaye. Tusiambiwe mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji haipo. Chuma cha ndani cha SIGN, shirika la Marekani linalosaidia hospitali zenye uhaba, kilibuniwa kiwekwe bila mashine hiyo.

Na daftari moja lifunguliwe: saa aliyofika, saa aliyofungwa paja, sababu ya kila kuchelewa. Likisomwa mbele yako kila mwezi, utaona ni mara ngapi sababu iliyoandikwa ni "ndugu hawajaleta chuma".

Wako katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Moshi