Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Mafundi Miwani, Chake Chake

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Vikao, upimaji wa macho katika skuli mbili na safari ya Wete mnayajua, sitayarudia.

Nije kwenye lile linalosemwa mabarazani, kwamba mwenyekiti anawafungia watu riziki. Ni kweli nilikataa kutia saini barua za udhamini za mafundi watano wanaoomba leseni. Mmoja ni mtoto wa ndugu yangu, na kwao sasa sikaribishwi hata chai. Lakini barua ile inasema huyu anaijua kazi, na jina chini yake ni langu. Niliwaita wapime umbali wa mboni na mboni, kisha watie kwenye lenzi alama ya kitovu, yaani pale mwanga unapopita bila kupinda, pakae mbele ya mboni. Wawili hawakutokea. Watatu walikosea milimita 5 kila jicho, wakaniambia hiyo si kitu. Si kitu? Lenzi yenye nguvu ya namba 4, kitovu kikikaa milimita 5 pembeni ya mboni, inazaa prizimu 2, yaani inaupinda mwanga upande na jicho linahangaika kuufuata. Mteja kichwa kitamuuma, atamlaumu daktari aliyempima, na namba ya daktari haina kosa.

Mnasema wana miaka 20 kazini. Miaka 20 ya kuuza miwani ya kusomea iliyokuja tayari! Na anayetaka kupima macho mwenyewe aende darasani, kama kijana wetu anayesomea upimaji macho hospitali ya KCMC, Moshi. Naye akirudi asijisahau: afya si jambo la Muungano, usajili wa Bara peke yake haukufungulii duka Pemba.

Aliyesema kwenye rula ya kupimia mboni zimeliwa fedha za chama, ajue rula ile nimeinunua kwa mfuko wangu.

Ada ni shilingi 20,000. Wanachama 38, waliolipa 14, zimeingia 280,000, zimetoka 168,000, zimebaki 112,000, tunadai 480,000. Mkutano uliopita mlikuja 11, wanne wakaondoka baada ya biriani. Wa Mkoani husema njia ndefu, ila harusi za Chake hawazikosi.

Mwakani, inshaallah, tukijaaliwa, tutatafuta mashine ya kusomea namba za lenzi, na pengine mkufunzi wa kutupitia siku mbili tatu.

Wale watano, rula iko dukani kwangu. Waje siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.