Kwa nini skrini inaandika "NaN" mahali pa bei

Maduka mengi tunayoyatengenezea tovuti hapa Lubumbashi hayaandiki bei zake kwa mkono. Zinatoka kwenye seva ya msambazaji kupitia API (njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine) na kushuka moja kwa moja kwenye simu ya mnunuzi. Tukishatoa proforma (makadirio ya bei ya kazi yetu), swali huwa lile lile: "Si mmesema programu inaandikwa kwa TypeScript, na TypeScript inakagua aina za data? Huu mstari wa 'ukaguzi wa data' ni wa nini tena?"

Swali la haki. TypeScript ni JavaScript, lugha inayoendesha tovuti ndani ya kivinjari, iliyoongezewa ukaguzi wa aina: hii ni namba, haya ni maandishi. Tuchukue pampu ya maji ya gari ya franka 62500. Msambazaji anatuma "62500" ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo kwa kompyuta hayo ni maandishi, si namba. Mnunuzi akitaka mbili, JavaScript inazidisha bila kulalamika: 125000, sawa kabisa. Lakini ukijumlisha bei ya pampu moja na franka 5000 za kuipeleka Ruashi, unapata 625005000. Imebandika maandishi mawili pamoja. Kuzidisha kunaficha kasoro, kujumlisha kunaianika, na ndiyo maana mtu anaweza kuijaribu tovuti asubuhi nzima akasema iko sawa.

Mbaya zaidi ni bei iliyoandikwa kwa mtindo wa Kifaransa tuliouzoea sote: "62 500,00". Ukiigeuza kuwa namba kwa amri ya Number unapata NaN, yaani si namba. Inatia aibu, ila angalau inaonekana. Balaa ni fundi anayetaka NaN iondoke haraka, akaweka parseInt, amri nyingine ya kugeuza maandishi kuwa namba. Hiyo inasoma tarakimu mpaka kwenye nafasi, halafu inasimama: 62. Na kwa kuwa mji huu unauza kwa franka na kwa dola, mnunuzi mmoja ataona pampu ya franka 62 na kuweka komande upesi. Mwingine atadhani ni dola 62, aseme ni ghali, aende zake. Hakuna ujumbe wowote wa kosa.

TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, ilikuwa wapi wakati huo? Haikuwepo. Aina zote unazoandika hufutwa programu inapogeuzwa kuwa JavaScript. Kivinjari cha mteja hakizioni. Fundi anapopokea jibu la fetch (amri ya kuomba data kwa seva) na kuandika "as Bidhaa[]", yaani "hii ni orodha ya bidhaa", hajakagua kitu, ameahidi tu. Ni sawa na lori la mpakani Kasumbalesa lililopitishwa kwa karatasi inayosema simenti, na hakuna aliyefunua turubai.

Sisi tunafunua. Tunaandika umbo la data mara moja kwa Zod, maktaba (msimbo ulio tayari) ya kukagua data: bei ni namba isiyo hasi, sarafu ni CDF (franka) au USD (dola) na si kingine, idadi ya bidhaa iliyobaki inaweza kutotajwa. Aina za TypeScript zinatokana na umbo hilo hilo, kwa hiyo hakuna maelezo mawili yanayoweza kupishana. Kila jibu likifika linapitia safeParse, amri ya Zod inayolilinganisha na umbo hilo. Likikataliwa, mnunuzi anaona "Bei haipatikani kwa sasa, tupigie", nasi tunapata jina la sehemu iliyoharibika ili tumpelekee msambazaji ushahidi badala ya kubishana naye kwenye simu.

Kuna mambo madogo yanayoenda pamoja na hili. fetch haihesabu jibu la 404 (kilichoombwa hakipo) au 500 (seva imekwama) kuwa kosa, kwa hiyo tunaangalia hali ya jibu kabla ya kusoma chochote. Saa nayo: Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na seva ikituma muda bila kutaja ukanda wa saa, ofa inaweza kufungwa kabla ya wakati wake au kuendelea baada yake. JSON, muundo ambao data hizi hutumwa nao, haina aina ya tarehe; tarehe huja kama maandishi tu, kwa hiyo hilo nalo tunaliandika kwenye umbo.

Msambazaji akiwa na maelezo ya OpenAPI (maelezo ya API yake yanayosomeka na kompyuta), tunazalisha aina kutoka humo na kazi inapungua. Ukaguzi wa jibu lenyewe hatuuondoi. Maelezo hayo huchelewa kufuata seva. Na kwa wanaohofia mega za wateja wao: maktaba ya ukaguzi inaongeza uzito kweli, lakini ipo Valibot, iliyoundwa ili ubebe vipande unavyotumia tu.

Kama tovuti yako inaonyesha saa za kufungua na namba ya WhatsApp peke yake, usilipie mstari huu. Utuambie tuufute.

Ukija kwa ajili ya duka, tuletee majibu halisi ya API ya msambazaji, yasiwe yale mazuri ya kwenye mwongozo wake. Tunataka hasa bidhaa iliyoisha, bidhaa isiyo na bei, na ile yenye bei kwa dola.